Metformini bila kujiumiza: mwongozo kamili kuanzia kidonge cha kwanza mpaka siku za kutomeza

Nilipopewa metformini, dawa ya vidonge ya kisukari, mara ya kwanza nilitoka na pakiti mkononi na maneno matatu kichwani, kutwa mara mbili, basi. Nikafika nyumbani nikameza kabla sijatia chochote tumboni, afu usiku mzima nikawa mtu wa chooni. Wiki ya pili nikaacha mwenyewe kimyakimya, sikumwambia mtu, nikakaa hivo karibu miezi miwili, kwenda kupima nakuta sukari iko juu kuliko siku niliyoanza. Nikarudi kwenye dawa, safari hii kwa utaratibu, nikaizoea, miaka ikaenda. Ndo nikaja kufanya kosa la pili ambalo lilikuwa baya kuliko lile la kwanza: tumbo lilinishika, natapika naharisha siku mbili mfululizo, na mimi kwa kuwa nilishapata somo kwamba dawa ya sukari haiachwi nikawa naendelea kumeza tu. Daktari aliyenipokea alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia hizo siku mbili ndo zilikuwa siku za kuacha.

Sasa mwongozo huu nimeuandika kwa sababu hiyo. Kumeza kila mtu anafundishwa hata kama ni kwa maneno matatu, ila siku za kutomeza wengi wetu hatufundishwi, na kwa metformini hatari karibu yote imejificha kwenye siku hizo. Dawa yenyewe ukiitumia vizuri ni salama sana. Na kama daktari wako, ambaye ameona majibu ya figo zako, amekwambia tofauti na nilichoandika hapa, fuata ya kwake kwanza afu muulize sababu.

Hatua ya 1: Jua umeshika kidonge gani

Usicheke, watu wengi wanasema tu nakunywa dawa ya sukari, ukiwauliza ipi wanakwambia ile nyeupe. Nyeupe ziko nyingi. Chukua pakiti, tafuta jina la dawa lenyewe na siyo lile jina kubwa la kampuni, maana jina kubwa linabadilika kila ukinunua lakini la dawa halibadiliki. Glucophage kwa mfano ni metformini. Nimeshamuona mtu anameza Glucophage asubuhi na metformini ya kampuni nyingine jioni akijua ni dawa mbili tofauti za kusaidiana, kumbe anakunywa kitu kile kile mara mbili.

Kuna vidonge pia vina dawa mbili ndani ya kimoja, metformini pamoja na glibenklamidi au glimepiridi, na hapo mambo ya usalama yanabadilika kabisa, ntakueleza mbele. Kwa hiyo soma mpaka maandishi madogo, na kama macho hayasomi vizuri (kisukari hicho hicho kinaharibu macho) mpe mtu akusomee au mwambie mfamasia akuandikie kwa kalamu kubwa juu ya pakiti.

Kitu cha pili cha kuangalia ni miligramu. Metformini ya kawaida inakuja kwa 500, 850 na 1000. Ukizoea kumeza viwili vya 500, siku ukipewa za 1000 na wewe ukaendelea na viwili kwa mazoea, umeshajipa dozi mara mbili.

Cha tatu, herufi. Ukiona baada ya jina kuna XR, SR au ER ujue ni ile inayoachia dawa polepole, na hiyo haivunjwi, haisagwi, haitafunwi. Imetengenezwa itoe dawa kidogo kidogo kwa masaa mengi, ukiivunja inamwaga yote kwa mpigo. Saa zingine utaona kitu kama kidonge kizima kimetoka chooni ukashtuka ukadhani dawa haikufanya kazi. Lile ni ganda tu, dawa ilishatoka ndani, tulia.

Na ile harufu kama ya samaki ukifungua chupa ni ya kawaida kwa metformini, haimaanishi imeoza.

Hatua ya 2: Mwambie daktari haya kabla hujaanza

Kubwa kuliko yote ni figo. Metformini haivunjwivunjwi na ini kama dawa nyingi zinavyofanywa, inaingia nzima na inatoka nzima kwenye mkojo, kwa hiyo njia yake ya kutoka ni figo tu. Figo zikichoka dawa inarundikana mwilini. Ndo maana kabla ya kuanza inabidi upimwe damu, kipimo cha kreatinini, ambacho kinatumika kukokotoa kasi ya figo kuchuja. Hiyo kasi ndo namba ya kuuliza. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilibadilisha maelekezo, ikasema usiangalie kreatinini peke yake, angalia kasi ya kuchuja. Ikiwa juu ya 60 hakuna shida. Kati ya 45 na 60 unaendelea ila unafuatiliwa kwa karibu. Kati ya 30 na 45 kama ulikuwa hujaanza haishauriwi kuanza, na kama ulikuwa tayari unatumia daktari anapima faida na hasara, mara nyingi anapunguza dozi isizidi 1000 kwa siku. Chini ya 30, unaacha. Iandike namba yako mahali, maana ukiulizwa hospitali nyingine ukaijua utashangaa wanavyokuhudumia tofauti.

Baada ya hapo taja ini kama lina shida, moyo kama umeshawahi kuambiwa unashindwa kusukuma damu, ugonjwa wa mapafu unaokufanya ukose hewa, na pombe. Kwenye pombe sema ukweli. Hauko mbele ya mzazi wala kiongozi wa dini. Pombe nyingi pamoja na metformini vinalemea ini kwenye kazi moja, kusafisha asidi laktiki (asidi ambayo mwili wenyewe unaitengeneza, ntaieleza Hatua ya 4) kwenye damu, na hicho ndo kitu chenyewe tunachokiogopa.

Taja kila dawa unayotumia, hata ile ambayo hupendi kuitaja. Mfano mzuri ni dolutegraviri ambayo watu wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI wanatumia: inapandisha kiasi cha metformini kwenye damu kwa sababu inazuia njia ya figo kuitoa, na hapo kawaida dozi inawekewa kikomo cha 1000 kwa siku. Mtu akificha, daktari anaandika 2000 kwa nia njema kabisa. Dawa za jamii ya kotisoni kama prednisoloni nazo zinapandisha sukari, utaona metformini kama haifanyi kazi kumbe kuna mwenzake anapandisha upande wa pili.

Mwenye kisukari aina ya kwanza, yule ambaye kongosho lake halitoi insulini kabisa, metformini haiwezi kuchukua nafasi ya sindano. Asije mtu akamshawishi aache insulini eti vidonge vinatosha.

Wanawake: kama una tatizo la vifuko vya mayai na hedhi inaruka ruka, metformini inaweza ikaanza kurudisha mayai kupevuka, kwa hiyo mimba inaweza kuja ambapo ulishazoea haiji. Panga mapema. Ukishika mimba usiache dawa kwa hofu wala usiendelee kimyakimya, nenda kaseme.

Hatua ya 3: Anza kidogo, panda polepole

Hapa ndo nilipoungua mimi. Utaratibu wa kawaida ni kuanza na 500 mara moja kwa siku, pamoja na mlo wa jioni, unakaa hapo wiki moja hivi tumbo lizoee, afu unaongeza 500 nyingine pamoja na mlo wa asubuhi, unakaa tena, unaongeza kadiri daktari alivyopanga. Wengi wanaishia 1500 mpaka 2000 kwa siku ikiwa imegawanywa. Kupanda zaidi ya 2000 mara nyingi hakuongezi sana faida, kunaongeza tu safari za chooni.

Pamoja na mlo maana yake ni katikati ya kula au mara tu unapomaliza, siyo saa moja kabla na siyo masaa mawili baadae. Watu wanalichukulia hili kama adabu tu ya dawa lakini ndo tofauti kati ya kuvumilia dawa na kuichukia.

Wiki za kwanza tegemea kichefuchefu, gesi, kuharisha kidogo, ladha kama umeramba chuma. Kwa watu wengi vinapungua wiki 2 mpaka 4. Vikigoma usiache kama nilivyoacha mimi, rudi ukaombe kubadilishiwa uwekwe kwenye ile ya kuachia polepole, ambayo tumbo linaivumilia vizuri zaidi, au ushushwe dozi upande tena taratibu. Na kuna jambo moja madaktari wanaliangalia ambalo wagonjwa hatulijui: ukiwa umezoea dawa miaka mingi bila shida, afu ghafla kuharisha kukaanza, usiseme ni metformini imerudi. Kuharisha kunakoanza baada ya kuzoea kunatafutiwa sababu nyingine, na mpaka ijulikane hiyo ni mojawapo ya zile siku za kutomeza.

Usitegemee kushuka kwa sukari siku ya pili. Metformini kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisimwage sukari nyingi kwenye damu, hasa usiku, na pia inaufanya mwili uisikie insulini yake vizuri zaidi. Kazi hiyo inachukua siku kadhaa mpaka wiki 2 hivi kuonekana sawasawa. Kumeza viwili kwa sababu jana ulikula vibaya hakusaidii kitu, haifanyi kazi kama dawa ya kichwa.

Ukisahau dozi: ukikumbuka meza na mlo unaofuata, ile ya kawaida, usijumlishe na uliyosahau. Mbili kwa mpigo hapana.

Hatua ya 4: Siku za kutomeza

Haya, hapa kaa chini tuongee.

Mwili ukikosa hewa au maji ya kutosha unazalisha asidi laktiki. Kawaida ini na figo vinaisafisha. Metformini inapunguza kidogo uwezo wa ini kuitumia hiyo asidi, na ukiwa mzima wala huhisi kitu. Ila ukipoteza maji mengi kwa kutapika au kuharisha, damu inayofika kwenye figo inapungua, figo zinapunguza kazi, metformini inabaki ndani, asidi inapanda, na vyote viwili vinasukumana. Hali hiyo ya asidi kujaa kwenye damu ni nadra kweli lakini ikitokea inaua. Kulikuwa na dawa ndugu ya metformini, fenformini, ilikuwa inasababisha hali hii mara nyingi zaidi mpaka ikaondolewa sokoni Marekani na nchi nyingine nyingi mwishoni mwa miaka ya 1970. Metformini ni mpole zaidi kwa mbali sana, ndo maana ikabaki, lakini ule undugu upo.

Kwa hiyo siku unatapika, unaharisha sana, una homa kali huwezi kula wala kunywa vizuri, simamisha metformini. Usiimeze. Kunywa maji kidogo kidogo mara kwa mara, pima sukari yako mara nyingi kuliko kawaida kama una kimashine, na ukishaweza kula na kunywa kama kawaida kwa masaa 24 mpaka 48 unairudia kwa dozi yako ile ile. Kusimamisha siku mbili tatu hakukuharibii chochote. Ni kusimama tu, usichanganye na kuacha. Na kama kutapika hakukatiki, hata maji hayakai, siyo suala la vidonge tena, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Ila angalizo, na nisome vizuri hapa: hii ni metformini. Insulini haisimamishwi kienyeji hata kama huli, kwa sababu ugonjwa wenyewe unapandisha sukari, dozi ndo inaweza kubadilishwa lakini kwa kuongea na wahudumu wako. Vile vile vidonge ambavyo majina yake yanaishia na -gliflozini, kama dapagliflozini na empagliflozini, navyo vinasimamishwa siku za kuumwa hivo kwa sababu yake nyingine, vinaweza kuleta asidi ya aina tofauti hata sukari ikiwa haijapanda sana. Na vidonge vya presha, hasa vya kukojoza na vile vinavyoishia na -prili au -sartani, muulize daktari leo ukiwa mzima, siku nikiharisha hivi nifanye nini? Akujibu akuandikie. Siku yenyewe ya kuumwa kichwa hakitakuwa na nafasi ya kufikiri.

Siku za kuumwa hivo pia epuka dawa za maumivu za diklofenaki na ibuprofeni. Watu wanazimeza kama peremende lakini figo iliyokauka maji haizitaki kabisa.

Siku nyingine ya kutomeza ni unapoenda kufanyiwa kipimo cha siti skani ambacho kuna dawa ya rangi inadungwa kwenye mshipa ili picha ionekane vizuri. Hiyo dawa inaweza kuzistua figo. Kama figo zako ziko sawa mara nyingi hutaambiwa usimamishe, kama zimeshuka utasimamisha siku ya kipimo na kusubiri masaa 48 figo zipimwe tena ndo uendelee. Wewe kazi yako ni kusema kwa sauti, natumia metformini, kabla sindano haijaingia. Usisubiri kuulizwa, maana pale wanafanya kazi kwa haraka na foleni ni ndefu. Na upasuaji hivyo hivyo, sema mapema, watakupangia siku ya kuacha na siku ya kurudia.

Na siku uliyokunywa pombe sana. Najua mtu atauliza sasa niache dawa ninywe? Hapana bwana, acha pombe umeze dawa. Lakini kama imeshatokea umelewa, unatapika, hujala, usijazie na metformini juu yake.

Dalili za asidi kujaa zinaanza kama mafua tu au uchovu, ndo ubaya wake. Unapumua haraka haraka na kwa nguvu bila kukimbia popote, misuli inauma bila sababu, tumbo linauma, unatapika, mwili unaishiwa nguvu sana, unasikia baridi, usingizi usio wa kawaida. Ukiwa unatumia metformini afu ukapata kupumua kwa namna hiyo pamoja na kuishiwa nguvu, usilale kwanza uone asubuhi. Nenda, chukua na pakiti ya dawa mkononi, waambie.

Hatua ya 5: Kama una kidonge cha pili, jifunze kushuka kwa sukari

Metformini peke yake ni nadra sana kushusha sukari ikapitiliza. Lakini wengi hatuko nayo peke yake. Glibenklamidi, glimepiridi, gliklazidi, hizi zinalikamua kongosho litoe insulini uwe umekula au hujala, kwa hiyo ukiimeza afu mlo ukachelewa, sukari inashuka. Kanuni ni fupi: hakuna mlo, hakuna hicho kidonge.

Glibenklamidi naiogopa zaidi ya wenzake, hasa kwa wazee na wenye figo dhaifu, kwa sababu inakaa muda mrefu mwilini. Mzee anashuka sukari, anapewa maji ya sukari, anaamka, watu wanafurahi wanaenda kulala, na usiku wa manane anashuka tena. Mtu aliyeshuka vibaya akiwa kwenye hii dawa apelekwe hospitali akaangaliwe hata kama ameshazinduka.

Chini ya 70 kwenye mashine ya miligramu, au 3.9 kwenye mashine ya milimoli, umeshashuka. (Hizo ni vipimo viwili vya kitu kile kile, gawanya cha kwanza kwa 18 upate cha pili. Angalia mashine yako inasoma kipi kabla hujaogopa au kufurahi bure.) Utasikia kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, kichwa kizito, hasira zisizo na mpango. Watu wa nyumbani kwako wajue hizo hasira. Ukiwa unatumia propranololi kwa ajili ya presha au moyo, kutetemeka na mapigo ya moyo vinaweza visionekane, jasho ndo linabaki kukupa taarifa.

Dawa yake ni gramu 15 za sukari ya haraka, ambayo ni vijiko 3 mpaka 4 vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya juisi au soda ambayo siyo ya kisukari. Subiri dakika 15, pima tena. Bado chini? Rudia. Ikishapanda kula kitu cha kushikilia. Chokoleti siyo chaguo zuri hapo, mafuta yake yanachelewesha sukari kuingia. Kama unatumia akabosi (dawa nyingine ya kisukari), sukari ya mezani itachelewa kwa sababu dawa hiyo inazuia isivunjwe tumboni, unahitaji glukosi yenyewe. Mtu aliyezimia usimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa. Mlaze kwa ubavu, mkimbize hospitali.

Vidonge hivi viweke juu kabisa mahali mtoto hafiki. Kimoja tu cha kundi la glibenklamidi kinaweza kumuua mtoto mdogo, na kushuka kwake kunaweza kuchelewa masaa mengi. Ukihisi amemeza, hata kama anarukaruka na kucheka, mpeleke.

Hatua ya 6: Vipimo vya kufuatilia

Kipimo cha sukari ya miezi mitatu, kile cha asilimia, ndo kinakwambia kama dawa inafanya kazi kweli. Fanya kila miezi 3 mpaka ufikie lengo, afu kila miezi 6. Kwa watu wazima wengi lengo ni chini ya asilimia 7, kwa mzee au mwenye magonjwa mengine daktari anaweza kulegeza, na hilo siyo uzembe, ni kumkinga asishuke. Ukipima asubuhi kabla ya kula, kati ya 80 na 130 kwenye mashine ya miligramu ndo pazuri kwa wengi.

Figo angalau mara moja kwa mwaka. Zikiwa zimeshuka chini ya 60, kila miezi 3 mpaka 6.

Afu kuna kipimo kinachosahaulika, vitamini B12. Metformini ikitumika miaka mingi inapunguza ufyonzwaji wake, na dozi ikiwa kubwa zaidi uwezekano unapanda. Dalili zake sasa, ganzi miguuni, kuchomachoma, uchovu, damu kupungua, zinafanana kabisa na uharibifu wa mishipa ya fahamu unaoletwa na kisukari chenyewe. Mgonjwa anaambiwa miguu ni kisukari, anaongezewa metformini, na metformini inashusha B12 zaidi. Maelekezo ya dawa yanasema ipimwe kila baada ya miaka 2 mpaka 3. Mi niliiomba mwenyewe. Ikiwa chini inatibika kirahisi kwa sindano au vidonge, na metformini unaendelea nayo, ila ganzi ikikaa muda mrefu sana inaweza isirudi yote.

Hatua ya 7: Mizizi, majani na unga wa kwenye chupa

Sitamdharau mtu, maana metformini yenyewe ina ukoo na mmea, Galega officinalis, uliokuwa unatumika Ulaya zamani, na ni Mfaransa Jean Sterne aliyekuja kuchapisha matumizi yake kwa wagonjwa wa kisukari mwaka 1957. Shida ni kwamba unga wa kwenye chupa isiyo na maandishi hujui una nini. Imeshatokea maabara zikapima dawa za asili za sukari zikakuta glibenklamidi imechanganywa ndani kimyakimya, ndo maana zilikuwa zinafanya kazi haraka vile. Sasa weka hiyo juu ya vidonge vyako uone. Kama umeamua kutumia, mwambie daktari, na ukiona imekushusha sukari kwa kasi ya ajabu, ogopa badala ya kushangilia.

Hatua ya 8: Kutunza na kubeba

Sehemu kavu, isiyo na joto kali, chini ya nyuzi 30, ndani ya pakiti yake. Siyo bafuni, siyo kwenye gari juani. Ukisafiri beba kwenye begi unalokaa nalo na ongeza za siku kadhaa za ziada.

La mwisho, kikaratasi. Mi nakaa nacho nyuma ya kitambulisho: nina kisukari aina ya pili, natumia metformini 1000 asubuhi na 1000 jioni, kasi ya figo ni hii na tarehe iliyopimwa, dawa nyingine ni hizi, nikiwa natapika simezi metformini, mpigieni fulani. Kila kipimo kipya cha figo nakiandika upya. Tumia peni ambayo wino wake haufutiki kwa maji, cha kwanza changu kiliishia kwenye mfuko wa suruali iliyofuliwa.